Maji ya Mgonjwa Hupimwa
(Mazungumzo ya walimu wa shule ya msingi mbele ya Kamati ya Jumuiya na wakaaji wa kambi, maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Tumepewa nusu saa, na wapiga ngoma wameshaanza kutuchungulia kutoka nyuma ya jukwaa, kwa hiyo hatutarefusha salamu. Sisi si waganga wala wauguzi. Tulisomea ualimu, na chuoni tulifundishwa kushika chaki, si sindano. Lakini wakati wa likizo Kamati ilitutuma sisi walimu watatu kwenda Jinja na Mbale, mashariki ya Uganda, kusaidia familia za wenzetu waliohamia huko kutafuta riziki na ambao watoto wao walikuwa wamelazwa. Tulikaa wiki tano tukiuguza kwa zamu. Tuliporudi na kutoa ripoti, Kamati ikasema mambo hayo yasibaki katika faili. Ndiyo maana tumesimama hapa.

Katika hospitali za rufaa za Jinja na Mbale, kama katika hospitali nyingi za serikali, mgonjwa haji peke yake. Huja na mtu wake, na mtu huyo huja na mkeka, blanketi, beseni, jerikani na sufuria. Yeye ndiye anayelala chini kando ya kitanda, anayemlisha mgonjwa, anayemwosha na anayekimbia kuita msaada. Muuguzi wa zamu ya usiku ana vitanda vingi na macho mawili tu. Mtoto akitapika saa nane za usiku, aliye karibu ni wewe. Muuguzi ni yule mwenye sare na cheti, lakini kuuguza ni kazi ya kila mwenye mgonjwa. Basi leo tunazungumza juu ya kuuguza, na hasa kumwuguza mtu ambaye mizani ya maji na chumvi mwilini mwake imeharibika.

Tuanze kama darasani. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, karibu sehemu 6 katika 10. Mtoto mchanga ana maji zaidi ya hapo, na ndiyo sababu akiharisha hunyauka upesi kuliko baba yake. Tena maji hayo si maji matupu. Yana chumvi za namna mbalimbali, na kwa leo tutataja mbili. Ya kwanza ni sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya jikoni. Kazi yake kubwa ni kuyashika maji yakae mahali pake. Ya pili ni potasiamu, inayopatikana kwa wingi katika ndizi, viazi na maharage. Hiyo hufanya kazi ndani ya misuli, na moyo nao ni msuli. Mama anayepika maharage anaelewa jambo hili bila kitabu. Chungu kikikaukia, mchuzi unakuwa chumvi tupu. Akimimina maji kwa pupa, mchuzi unapooza. Mwili ni vivyo hivyo, ila chungu kikiharibika unaweza kuinjika kingine.

Maji na chumvi hupotea kwa kuharisha, kutapika, homa kali, jasho, na kwa majeraha makubwa ya moto. Mbaya kupita yote ni kipindupindu: mtu mzima aliyeshikwa vikali anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe kutoka jioni hadi asubuhi.

Wazee waliotoka upande wa Goma hawana haja ya hesabu hiyo. Mwezi wa Julai 1994 watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Kivu ya Kaskazini kwa siku chache. Mji ule umejengwa juu ya mawe ya volkano. Hapakuchimbika choo wala kaburi. Watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu jinsi yalivyo. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Wengi wetu tunaosema hapa tulikuwa watoto wa kubebwa mgongoni au hatujazaliwa, lakini tumekua tukisikia habari ya mikeka iliyopangwa kandokando ya barabara.

Kuna sehemu ya habari ile ambayo haisimuliwi sana. Misaada ilifika. Waganga walifika, na chupa za dripu, ambazo sisi wa Kongo tunaziita serumu, zilifika. Hata hivyo katika vituo vingi watu waliendelea kufa kwa wingi siku za mwanzo. Wataalamu kutoka Bangladesh, nchi inayokijua kipindupindu kama sisi tunavyoijua malaria, walikwenda kusaidia, na mwaka 1995 wakaandika waliyoyaona: maji yalikuwa yakitiwa polepole mno, dawa ya kunywa ilitumika kidogo kuliko ilivyopasa, na wahudumu wengi hawakuwa wamezoea ugonjwa ule. Chupa imetundikwa, sindano imeingia, matone yanadondoka, na mgonjwa anakauka kwa sababu kinachoingia ni kidogo kuliko kinachotoka.

Yaliyotokea Goma hayakwisha Goma. Mwaka 2018 ndugu zetu waliokimbia Ituri kwa mitumbwi, wakavuka Ziwa Albert na kushuka Sebagoro katika wilaya ya Hoima, walishikwa na kipindupindu pale ufukoni na katika makazi ya Kyangwali. Waliougua walipita 2,000 na waliokufa walipita 40. Hata vijana hapa wanaikumbuka. Tofauti ya 40 na 50,000 ina sababu nyingi, na mojawapo ni ile dawa ya pakiti ambayo baadhi yetu tunaidharau.

Tunasema tunaidharau kwa sababu tumesikia kwa masikio yetu. Mama anatoka kituo cha afya amepewa pakiti mbili za dawa ya maji na vidonge vya zinki, na njiani anamwambia jirani: «Hawakunipa kitu.» Basi akina mama wasikilize jambo hili. Dawa hiyo haikuthibitishwa katika hospitali ya kifahari ya Ulaya. Ilithibitishwa katika kambi ya wakimbizi.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, watu wapatao milioni 10 walikimbilia India. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka, kipindupindu kiliingia na wagonjwa wakalala sakafuni. Daktari Dilip Mahalanabis, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa huko na kikundi chake, na chupa za dripu zikaelekea kwisha. Akaamua kutumia kitu ambacho watafiti wa Dhaka na Kolkata walikuwa wamekwisha kukionyesha kwa wagonjwa wachache: maji ya kunywa yenye chumvi na sukari. Katika kila lita 1 walitia gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya jikoni na gramu 2.5 za magadi ya kuokea. Unga huo ulifungwa katika mifuko ya plastiki, ukakorogwa katika mapipa yenye bomba, na kazi ya kunywesha ikapewa ndugu za wagonjwa. Mama, shangazi, kaka mkubwa, wote wakiwa na vikombe mkononi. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Wakimbizi wenzetu ndio waliouguza, na sasa dunia nzima inatumia.

Kwa nini sukari? Wanafunzi wetu waliuliza swali hili, na ni swali zuri. Utumbo unaoharisha unafanana na nyumba iliyovunjwa mlango wa nyuma: maji na chumvi vinamwagika nje. Lakini upo mlango mwingine ambao ugonjwa hauufungi. Kupitia mlango huo sukari na sodiamu huingia pamoja, zimeshikana mkono, na maji huzifuata. Chumvi peke yake haipiti vizuri. Sukari nyingi mno nayo huharibu, kwa maana huyavuta maji yarudi utumboni, na ndiyo maana soda si dawa ya kuharisha hata kama mtoto anaipenda. Pakiti za sasa, kufuata kipimo kilichotolewa mwaka 2002, zina chumvi na sukari pungufu kuliko zile za zamani: kwa lita 1, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za chumvi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati. Pakiti ikikosekana kabisa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi vitasaidia mpaka ufike kituoni. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya kilima. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko kutotia kabisa. Sukari ya Kakira, inayosagwa pale karibu na Jinja, ni tamu kama nyingine yoyote, haihitaji kuzidishwa.

Kwa habari ya Goma na Bangaon, mtu angeweza kusema: basi jambo ni rahisi, kila mgonjwa apewe maji mengi, haraka, na dripu ikiwapo ni bora zaidi. Hapa ndipo Mbale inapotusimamisha.

Kuanzia mwaka 2009 hadi 2011 ulifanyika utafiti mkubwa katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa Uganda zilikuwa Mbale, Soroti, Mulago na Lacor. Kenya ilikuwa Kilifi. Tanzania ilikuwa hospitali ya Teule, Muheza. Kiongozi wake alikuwa Profesa Kathryn Maitland, na Mbale aliusimamia Daktari Peter Olupot-Olupot. Walichukua watoto 3,141 waliofika na homa kali, wamelegea au wanapumua kwa shida, na mikono na miguu imepoa kwa kuwa damu haizunguki vizuri. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, na jambo hilo mlishike kwa sababu tutalirudia. Vikundi viwili vilitiwa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama vitabu vya Ulaya na Marekani vilivyokuwa vikiagiza. Kikundi cha tatu hakikutiwa kwa haraka. Kilipewa maji ya kawaida, polepole, pamoja na dawa.

Kila mtu alitazamia maji ya haraka yatashinda. Mwezi wa Januari 2011 kamati ya usalama ilisimamisha utafiti kabla ya wakati. Katika saa 48 za kwanza, watoto waliotiwa maji kwa haraka walikufa karibu 10 na nusu katika kila 100, na wale wa polepole walikufa 7.3. Yaani katika kila watoto 100, maji ya haraka yaliongeza vifo 3. Matokeo yalitangazwa mwaka huohuo na waganga wa nchi nyingi hawakuamini. Wengine walibishana kwa miaka. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadili maagizo yake kuhusu watoto wa namna ile.

Jambo moja zaidi katika utafiti ule lilitugusa sisi walimu. Vifo katika vikundi vyote vilikuwa vichache kuliko walivyotazamia kabla ya kuanza. Wahudumu walikuwa wamefundishwa kuwachagua mapema walio hatarini, na kila mtoto alitazamwa na kupimwa mara kwa mara, saa kwa saa. Hakukuwa na mashine za ajabu. Kulikuwa na macho, saa ya ukutani na karatasi ya kuandikia.

Wapo mnaojua kwa nini tunalisema hili kwa uzito. Msimu wa mvua uliopita mtoto mmoja wa mtaa wetu, mwenye homa, alipelekwa kwenye duka moja la dawa, mbali na hapa, ambalo hatutalitaja. Baba aliuza mbuzi. Mtoto alitundikiwa chupa tatu mfululizo kwa sababu fedha ilitosha chupa tatu. Hakupimwa uzito. Hakuna aliyeuliza kama amekojoa. Usiku alianza kupumua kwa kukoroma, na hakufika asubuhi. Hatusemi kwamba maji ndiyo yaliyomwua. Huenda malaria ingemshinda kwa vyovyote. Hatujui, na wazazi wake hawatajua kamwe, kwa kuwa hakuna aliyeandika chochote.

Sasa msitoke hapa mkasema walimu wamekataza dripu. Mtu aliyekauka kwa kuharisha, ambaye amelegea hawezi kunywa, macho yameingia ndani, ukiifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama zaidi ya sekunde 2, huyo anahitaji dripu ya haraka, na kila dakika ya kusubiri ni hasara. Kwake yeye kosa ni lile la Goma: kuchelewa na kutia kidogo. Mtoto mwenye homa kali asiyeharisha ni habari nyingine. Na mtoto mwenye utapiamlo mkali, mwenye miguu iliyovimba au aliyebaki mifupa, ni habari ya tatu. Moyo wake ni dhaifu, mwili wake una sodiamu nyingi iliyofichika na potasiamu kidogo, na hupewa dawa ya maji ya aina yake, kwa mwendo wa taratibu. Mwaka 2025 ulitangazwa utafiti mwingine, ambao Mbale ilishiriki pamoja na Soroti, Kilifi na hospitali za Niger na Nigeria, juu ya watoto 272 wenye utapiamlo mkali na kuharisha. Walilinganisha kunywesha na kutia dripu, na vifo havikutofautiana kwa kiasi cha kuonekana. Dripu haikuwaumiza kama ilivyohofiwa, na kijiko hakikushindwa na dripu. Anayeamua ni mganga, baada ya kumpima. Maji ni dawa kama kwinini ilivyo dawa, na dawa ina kipimo.

Jinja ilitufundisha upande wa pili, yaani maji yanayotoka. Mji ule uko pale Nile inapotoka ziwani, na mtu angedhani hakuna kitu rahisi huko kama maji. Katika wodi ya watoto tulikuta wenye malaria kali ambao mkojo wao ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Ugonjwa huo wa mkojo mweusi umeonekana sana mashariki ya Uganda miaka hii. Chembe nyekundu za damu hupasuka ndani ya mishipa, na takataka zake huumiza figo. Utafiti uliofanyika Jinja kwa watoto wenye malaria kali ulionyesha kwamba karibu nusu yao figo zilikuwa zimeumia, na walioumia figo ndio waliokufa zaidi. Figo ikilala, maji unayoyatia hayana pa kutokea. Yanapanda kwenye mapafu. Potasiamu nayo haitoki, inazidi katika damu, na moyo unaweza kusimama bila kubisha hodi. Lakini ukimnyima maji kabisa, figo ile iliyoumia inakauka na kuumia zaidi. Basi ufanye nini? Unahesabu mkojo.

Hapo ualimu wetu ukapata kazi. Tulinunua daftari la kurasa 48, tukalichora mistari kama rejista ya shule. Safu ya kwanza saa. Safu ya pili yaliyoingia: vijiko, kikombe, ziwa la mama, uji, dripu. Safu ya tatu yaliyotoka: mkojo na rangi yake, choo, matapishi. Safu ya nne hali: anacheza, analala tu, anapumua vipi. Kila mmoja alipomaliza zamu alimkabidhi mwenzake daftari pamoja na mtoto. Bibi mmoja wa jamaa zetu hajui kusoma. Yeye tulimpa punje za maharage na vikopo viwili, kimoja cha mkojo na kimoja cha matapishi, na hakukosea hata mara moja, kuliko mmoja wetu ambaye alisinzia na ambaye jina lake tumeahidi kulificha.

Usiku wa nne daftari lilionyesha kwamba mtoto wetu amekunywa na kutiwa maji tangu asubuhi, na kikopo cha mkojo hakijapata punje kwa saa 9. Uso ulianza kujaa kwenye kope. Muuguzi wa zamu hakujua Kiswahili cha kwetu wala sisi Kisoga, lakini tulipomfungulia ukurasa alisoma mstari kwa mstari kwa tochi ya simu, akaenda kumwita daktari. Wakabadili kipimo cha maji usiku uleule. Yule mtoto yupo. Leo asubuhi amepita hapa katika gwaride la chekechea. Muuguzi alituomba tumwachie karatasi moja isiyoandikwa apige nakala.

Wakimbizi wenzetu, kuna neno tunalisema sana tukiwa hospitalini: «Wametunyima serumu kwa sababu sisi ni wageni.» Dharau ipo mahali pengine, hatutaficha, kila mmoja wetu amewahi kuambiwa asubiri mpaka wenyeji waishe. Lakini ukimwona muuguzi anampa mtoto wako kikombe badala ya chupa, uliza kwanza kipimo chake ni nini na ukifuate kwa uaminifu. Ukiwa na daftari mkononi una la kusema. Ukiwa na malalamiko matupu, hata yakiwa ya kweli, muuguzi mwenye wagonjwa 40 hana la kufanya nayo.

Na kikombe kina hesabu yake, ambayo darasa la tano walitupigia ubaoni wiki iliyopita. Mtoto wa kilo 10 aliyeanza kukauka, ambaye bado ananywa, hupewa mililita 75 kwa kila kilo katika saa 4. Hiyo ni mililita 750. Kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo ni vijiko 150 katika dakika 240: kijiko kimoja kila dakika moja na nusu, na muda kidogo unabaki wa kupangusa mdomo. Akina mama walicheka waliposikia vijiko 150. Lakini ndivyo kazi ilivyo. Ukimpa kikombe kizima kwa mkupuo atatapika, nawe utasema dawa imemkataa. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Ziwa la mama lisikatizwe. Zinki apewe siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Pakiti ya lita 1 huchanganywa katika Tumpeco mbili zilizojaa. Isome kwanza, maana zipo pakiti za nusu lita. Kilichobaki baada ya saa 24 kinamwagwa.

Ukiona mtoto anazidi kulegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana damu katika choo, mkojo umekuwa mweusi au haupo tangu asubuhi hadi jioni, anapumua mbio au anadegedega, usihesabu tena vijiko. Funga daftari, lichukue, panda bodaboda, fedha tutatafuta baadaye. Kamati imeweka akiba ndogo kwa ajili ya usafiri wa usiku, na mweka hazina yuko hapa, msimame mwonekane, ndugu mweka hazina.

Tunaiomba Kamati ikubali mambo yafuatayo, ambayo tumeyazungumza na wahudumu wa afya wa vijiji nao wameyaafiki. Kila mtaa uwe na nyumba moja ya maji ya mgonjwa, ambapo usiku au mchana patakuwa na pakiti, Tumpeco mbili, kijiko cha chai, sabuni na jerikani ya maji yaliyotiwa dawa. Shule itachora madaftari. Watoto wa darasa la sita na la saba wamejitolea kupiga mistari. Punje za maharage kila nyumba itatoa zake, na tafadhali zisirudi jikoni.

Mazoezi yataanza Jumamosi hii baada ya mgao wa chakula, chini ya mwembe wa shule. Mitaa minne ya juu ije saa tatu asubuhi, mitaa ya bondeni saa nane mchana. Kila nyumba ilete mtu mmoja, akina baba wakiwamo, na kila mtu aje na Tumpeco na kijiko chake cha chai. Saa ya kuhesabia dakika tunayo moja tu, ya mwalimu mkuu. Mwenye nyingine aje nayo.